Edinburgh kwa miguu: jinsi ya kuutembea mji uliokaa juu ya volkano

Watu wetu wengi wakipata viza ya Uingereza wanaishia London, picha mbili tatu darajani, kuzunguka Oxford Street, basi safari imeisha. Sio mbaya. Ila kama una siku tatu au nne za ziada panda uende Edinburgh, mji mkuu wa Uskoti tangu karne ya 15, mji ambao kasri lake liko juu ya jabali la volkano iliyozimika katikati kabisa ya mji, mlima wake unaupanda na kushuka kabla ya chakula cha mchana, na bahari unaifikia kwa basi la abiria la kawaida tu. Kwa Mtanzania kuna sababu ya ziada, Mwalimu Nyerere alisoma chuo kikuu cha hapo kuanzia 1949 mpaka 1952 alipopata digrii yake ya MA, na miaka miwili baadae TANU ikazaliwa.

Kitu kimoja naomba ukishike kabla hatujaanza kwasababu karibu kila nitakachosema kinarudi hapo: mji huu haupangwi kwa kilometa, unapangwa kwa vilima na hali ya hewa. Ukitazama ramani kwenye simu utaona kila kitu kiko karibu, na kweli kiko karibu, ila jioni magoti yatagoma na hutajua kosa liko wapi.

Hatua ya 1: Chagua mwezi kabla hujachagua hoteli

Agosti ndo mwezi wa matamasha. Edinburgh International Festival na lile linaloitwa Fringe yote yalianza 1947, na siku hizi Agosti mji unajaa wasanii, vichekesho, maigizo, wapiga ngoma, mpaka na magwaride ya kijeshi usiku mbele ya kasri. Inanoga sana. Lakini bei ya vyumba inapaa vibaya na barabara za katikati unatembea kwa kusukumana, kwahiyo kama wewe ulichofuata ni mji wenyewe na milima yake usiende Agosti. Mwisho wa Desemba nako kuna sherehe kubwa za mwaka mpya wanaziita Hogmanay, bei inapaa vilevile na baridi juu.

Mimi ningekwambia Mei au Septemba. Sio tu kwa ajili ya bei, ni kwa ajili ya mwanga. Katikati ya Desemba jua linazama saa tisa na dakika arobaini alasiri, yaani umeamka umekunywa chai ukizubaa kidogo giza hilo. Juni ni kinyume chake, jua linachomoza mnamo saa kumi na nusu alfajiri na kuzama saa nne usiku, unaweza kupanda mlima baada ya chakula cha jioni na ukashuka bado unaona njia. Kwa ndugu Waislamu hii sio habari ndogo, isha ya Juni inachelewa kweli na nyakati za sala hazifanani kabisa na za nyumbani, kwahiyo chukua ratiba ya Msikiti Mkuu wa Edinburgh ulioko Potterrow, karibu kabisa na majengo ya chuo kikuu.

Kingine, kwa anayelala kuanzia 24 Julai 2026 kuna kodi ya mgeni, asilimia 5 ya bei ya malazi kwa usiku 5 wa mwanzo. Ukiona bei ya hoteli mtandaoni uliza kama hiyo kodi imo au inakuja juu yake.

Hatua ya 2: Viza, ndege, treni

Hakuna viza ya Uskoti peke yake. Ni ile ile viza ya mgeni ya Uingereza, unaomba mwenyewe kwenye tovuti ya serikali yao gov.uk, unalipia huko, halafu unaenda kituo cha maombi kupigwa alama za vidole na picha. Kwa kawaida inakupa mpaka miezi 6. Fomu iko wazi na inajazika, kwahiyo mtu akikwambia ana "njia ya ndani" umpe hela muache na njia yake. Na ujue viza hiyo haikuingizi Jamhuri ya Ireland, maana wengine wakishafika Uskoti wanaona Dublin hiyo hapo wanaanza kutamani.

Ndege ya moja kwa moja kutoka Afrika Mashariki hamna, unaunganisha Doha, Istanbul, Dubai au Amsterdam halafu unatua Edinburgh kwenyewe. Ukipata tiketi nzuri zaidi ya London usiiache, kutoka stesheni ya King's Cross treni inakufikisha Edinburgh Waverley kwa kama masaa manne na nusu. Nunua tiketi ya treni mapema mtandaoni, ukisubiri siku yenyewe utalia. Na ukiwa unaenda kaskazini kaa upande wa kulia, kwasababu mkishapita Newcastle reli inaanza kufuata bahari, mnavuka daraja refu la mawe pale Berwick mto ukiwa chini kabisa, halafu mara majabali mara maji mpaka karibu na Edinburgh. Waliokaa kushoto wanabaki kuangalia ng'ombe.

Ukitua eapoti kuna tramu na kuna basi la Airlink, vyote ni nusu saa hivi mpaka katikati. Tramu nunua tiketi pale kituoni kabla hujapanda, ukikutwa ndani huna unalipishwa bei ya juu zaidi. Mabasi ya mjini, yale ya ghorofa ya kampuni ya Lothian, unagusisha kadi ya benki ukipanda na mashine yenyewe inapiga hesabu ya siku, ukifika kiwango fulani haikukati tena. Ukilipa keshi uwe na hela kamili, dereva harudishi chenji, na ukianza kujieleza pale mlangoni foleni nzima nyuma yako inakutolea macho.

Chaja yako ya nyumbani itaingia, soketi ni zile zile za matundu matatu ya mraba. Saa rudisha nyuma masaa mawili kipindi chao cha joto, matatu kipindi cha baridi.

Hatua ya 3: Jifunze ghorofa za mji kabla hujapotea

Hapa nitakaa kidogo maana wageni wengi wanaparuka halafu wanahangaika siku nzima.

Lile jabali la kasri ni koo la volkano ya kama miaka milioni 350 iliyopita, lava iliganda ndani ikawa mwamba mgumu. Zama za barafu zilipokuja, barafu lilikuwa linasukuma kutoka magharibi, likakwaruza udongo na mawe laini yote pembeni lakini lile koo likagoma, na upande wa nyuma yake, mashariki, mawe laini yakakingwa yakabaki kama mgongo mrefu unaoteremka taratibu. Huo mgongo ndo Mji Mkongwe wao, na barabara inayopita juu yake kutoka kasri mpaka ikulu ya Holyrood ndo Royal Mile. Kushoto na kulia kwa mgongo ni mabonde. Bonde la kaskazini lilikuwa ziwa la maji machafu, wakalikausha, leo ni bustani za Princes Street na reli inapita humo humo. Ng'ambo ya bonde ndo New Town, mji ulioanza kujengwa kwa mpango wa kijana mmoja msanifu aitwae James Craig uliopitishwa 1767, barabara zimenyooka kama mstari wa rula. Sehemu zote mbili, ya zamani na mpya, ziliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1995.

Sasa tatizo liko kwenye bonde la kusini. Walijenga madaraja juu yake halafu wakajenga majumba kuyazunguka hayo madaraja mpaka ukipita juu hujui kama uko darajani. Unatembea George IV Bridge, maduka kushoto, maktaba, watu wanakunywa kahawa, unadhani ni barabara ya kawaida tu, halafu ghafla kuna uwazi kati ya nyumba mbili unachungulia ukutani, unaona barabara nyingine kabisa chini yako, Cowgate, na magari yake na vichwa vya watu. Kwenye ramani ya simu hizo barabara mbili zinakatana. Duniani hazikatani. Simu itakwambia "umefika" wakati mlango unaoutafuta uko ghorofa kadhaa chini ya viatu vyako.

Kwahiyo fanya hivi. Kabla hujalipia malazi angalia anuani, kama ni Cowgate au Grassmarket ujue unalala bondeni na kila asubuhi unaanza na kupanda, na usiku wa wikiendi kuna kelele za baa. Uliza kama jengo lina lifti, majengo mengi ya zamani hayana na ngazi zake ni za mawe za kuzunguka. Sanduku la magurudumu kwenye zile barabara za mawe ni mateso, begi la mgongoni ndo lenyewe. Stesheni ya Waverley nayo iko bondeni, kwahiyo ukishuka treni tafuta lifti au ngazi za umeme za kutokea Princes Street, usikimbilie ngazi za mawe na mizigo.

Kati ya Royal Mile na mabonde kuna vichochoro vingi vya ngazi, kibao juu kimeandikwa Close. Aliyezoea vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar atajisikia nyumbani, tofauti ni kwamba hapa kila kichochoro kinateremka. Advocate's Close ndo naipenda mimi, ukisimama juu yake unaona mnara wa Scott, ule wa kumkumbuka mwandishi Walter Scott, umekaa katikati ya kuta mbili. Na ukikuta mlango wa Dunbar's Close upande wa chini ya barabara ingia, kuna bustani ndogo ya mtindo wa karne ya 17, bure, tulivu, wengi wanaipita bila kujua.

Hatua ya 4: Siku ya kwanza yenye anga safi, panda Arthur's Seat

Usipange mlima kwa tarehe. Panga kwa anga. Ukiamka ukaona mawingu yako juu na hakuna upepo wa kung'oa mabati, achana na ratiba ya makumbusho nenda mlimani, makumbusho hayakimbii.

Arthur's Seat ni mita 251 tu juu ya usawa wa bahari, mtu wa Moshi ataicheka. Asicheke. Ni volkano nyingine iliyozimika, iko ndani ya hifadhi ya Holyrood ya kama hekta 260 pembeni tu ya bunge na ikulu, na kwa kuwa hakuna mti wa kukukinga upepo unakupiga wote wote. Njia ziko nyingi. Ile ya kutokea Holyrood inapita karibu na magofu ya kanisa la St Anthony halafu inapanda bondeni, hiyo ndo ina mandhari nzuri na mapafu utayasikia. Kama uko na mzee au mtoto nenda mpaka ziwa dogo la Dunsapie upande wa mashariki, hapo umeshapandishwa sehemu kubwa na barabara, unamalizia kipande kifupi cha nyasi.

Mita chache za mwisho ndo za kuangalia. Mwamba wa kileleni umekanyagwa na watu miaka na miaka mpaka umekuwa laini unang'aa, ukilowa ni sabuni. Utaona watu wamevaa raba za mtindo wanashuka kwa makalio huku wamekumbatia mwamba. Viatu vyenye soli ya kung'ata, na kama kumenyesha shukia upande wenye nyasi sio kwenye mwamba. Ukiwa juu geuka taratibu: kaskazini mkono wa bahari wa Forth, magharibi kasri liko juu ya jabali lake na sasa ule mgongo wa hatua ya 3 unauona wote kwa jicho moja, kusini milima ya Pentland.

Chini ya kilele kuna ukuta wa majabali wekundu-kahawia unaitwa Salisbury Crags. James Hutton, mwanajiolojia wa hapo hapo Edinburgh aliyefariki 1797, aliyachunguza mawe ya pale akaonyesha kwamba mwamba wa moto uliingia ukiwa umeyeyuka katikati ya matabaka ya zamani zaidi, na ndo moja ya hoja zilizomfanya aseme dunia ina umri mkubwa kuliko watu walivyodhani. Kuna njia chini ya majabali hayo ilifungwa 2018 baada ya mawe kuporomoka. Ukikuta uzio au kibao popote usiruke, hata kama umeona wengine wanaruka.

Nguo: vaa vipande vipande, fulana, sweta, koti la mvua lenye kofia. Mwavuli acha nyumbani, upepo wa Edinburgh unaugeuza nje ndani dakika ya kwanza. Mwezi wa tano na wa sita kuna ukungu wa baharini wanauita haar, unaingia kutoka mashariki asubuhi kukiwa kweupe, ndani ya muda mfupi huoni kasri. Ukikukuta mlimani simama usiendelee kupanda, rudi kwa njia uliyojia.

Hatua ya 5: Royal Mile, juu kwenda chini

Anza kasri, malizia Holyrood. Ukifanya hivyo barabara nzima inateremka mwenyewe unashuka nayo, ukianzia chini ni kupanda tu, na utashangaa ni watu wangapi wanaanzia chini.

Tiketi ya kasri nunua mtandaoni siku kadhaa kabla, ni rahisi kuliko getini na inakupa saa maalumu ya kuingia, chukua ya asubuhi kabisa. Sio rahisi kwa mfuko wetu, nakubali. Ndani usikose kanisa dogo la St Margaret la karne ya 12, jengo la zamani kuliko yote mjini, dogo kiasi kwamba watu ishirini mkiingia mmebanana. Kuna taji na fimbo za kifalme za Uskoti, kuna mzinga mkubwa wa karne ya 15 unaoitwa Mons Meg, na kuna kijichumba ambamo malkia Mary alimzaa James mwaka 1566, yule aliyekuja kuwa mfalme wa Uskoti na England pamoja. Ile Stone of Destiny wanayokalia wafalme wakitawazwa haipo tena hapo, tangu 2024 iko mji wa Perth, usimsumbue mlinzi kuiulizia.

Saa saba kamili mchana wanapiga mzinga kutoka kasri, desturi ya tangu 1861, isipokuwa Jumapili, Ijumaa Kuu na Krismasi. Hata kama hukuingia ndani utausikia ukiwa bustanini chini, na utawatambua wageni wote kwa jinsi wanavyoruka. Wenyeji wanaangalia saa zao tu.

Ukiendelea kushuka utafika kanisa la St Giles, kuingia bure ila wanapokea mchango. Nje yake chini kwenye mawe ya barabara kuna umbo la moyo limetengenezwa kwa mawe ya rangi. Angalia unapokanyaga. Hapo palikuwa na gereza la zamani na desturi ya wenyeji ni kuutemea mate huo moyo wakipita, kwahiyo ukiona mzee mwenye suti anatema usidhani amechanganyikiwa, na usikae hapo kupiga picha ukiwa umeweka begi chini.

Chini kabisa kuna bunge la Uskoti, jengo la kisasa lililosanifiwa na Mhispania Enric Miralles likafunguliwa 2004, wengine wanalichukia mimi nalipenda, kuingia ni bure ila unakaguliwa kama eapoti. Ng'ambo yake ni ikulu ya Holyroodhouse. Angalia tovuti kabla, mfalme akiwa pale inafungwa, mara nyingi mwisho wa Juni kuingia Julai.

Hatua ya 6: Vya bure, na kuna vingi

Siku ya mvua nenda makumbusho ya taifa, Chambers Street. Bure. Kondoo Dolly, yule wa kwanza kutengenezwa kutokana na seli ya kondoo mkubwa mwaka 1996 hapo jirani Roslin, amekaushwa yuko ndani ya kioo. Halafu panda mpaka juu ya paa, nako bure, unaona kasri kutoka upande ambao wengi hawauoni. Jumba la sanaa la taifa pale The Mound pia bure.

Jioni nenda Calton Hill, mita 103, ngazi za dakika chache kutoka mwisho wa mashariki wa Princes Street. Juu utakuta nguzo 12 kubwa za mawe hazina paa hazina kuta, walianza kujenga mnara wa mashujaa 1826 hela ikakata 1829 na mpaka leo umebaki hivyo hivyo, nadhani ukiwa umekamilika usingependeza hivi. Kwa jua la kuzama hakuna pazuri zaidi mjini, na huhitaji viatu vya mlima.

Kwenye bustani za Princes Street, karibu na mnara wa Scott, kuna sanamu ya David Livingstone. Wazungu wengi wanapita tu. Sisi tunamjua kwa Ujiji na kwa safari ya wale kina Susi na Chuma waliobeba mwili wake mpaka Bagamoyo mwaka 1874, na mbele ya ile sanamu utasimama ukijiuliza zao ziko wapi.

Dean Village, dakika kama kumi na tano kutoka mwisho wa magharibi wa Princes Street, nyumba za zamani za wasaga nafaka kando ya mto Water of Leith. Watu wanaishi pale, usiende na spika. Fuata mto mpaka Stockbridge, njia ni tambarare, magoti yatakushukuru.

Hatua ya 7: Cramond, kisiwa cha kwenda kwa miguu maji yakipwa

Hii ndo safari yangu ya kuwashauri watu wa pwani, maana wengine inabidi waelezwe maji kupwa na kujaa ni nini, nyie mnajua.

Panda basi la Lothian linaloenda kijiji cha Cramond, kaskazini magharibi ya mji, halafu teremka mpaka mto unapoingia baharini. Mbele yako kuna kisiwa na njia ya saruji inayoenda mpaka kule, kama maili moja. Maji yakijaa njia yote inapotea, unabaki unaona vichwa vya nguzo tu. Yakipwa unapita mkavu. Pembeni ya njia kuna safu ya nguzo za zege za ncha zilizosimama kama meno, ziliwekwa vita ya pili ya dunia kuzuia vyombo vya adui visipite, zimeota mwani na konokono wa baharini mpaka kiunoni, juu zimebaki kijivu. Mpaka wa mwani huo unakuonyesha maji yanafika wapi. Yanakuzidi.

Sheria ni moja: kuvuka ni ndani ya masaa mawili kabla na masaa mawili baada ya maji kupwa kabisa, basi. Nyakati za salama zimebandikwa kwenye kibao pale mwanzo wa njia, zisome siku hiyo hiyo na zipige picha, usitumie za jana. Kama umechelewa na dirisha limebaki nusu saa usivuke, kaa kijijini unywe chai. Kila mara kuna watu wanakwama kule, wakiulizwa wanasema walidhani watawahi, inabidi boti ya uokoaji iwafuate, la sivyo unakaa kisiwani mpaka maji yatoke tena, na hakuna duka, hakuna choo, kuna magofu ya majengo ya kijeshi na upepo.

Kisiwani kwenyewe ukipanda kilima unaona mkono wa bahari wote na kwa mbali madaraja ya Forth. Ukitaka kuliona kwa karibu lile jekundu la reli, lililofunguliwa 1890, siku nyingine panda treni ya dakika chache mpaka Dalmeny ushuke kwa miguu South Queensferry. Linapita juu ya kichwa chako, chuma kitupu, kilometa 2.5.

Hatua ya 8: Kula na hela

Maji ya bomba ni mazuri, beba chupa. Haggis ni moyo, maini na mapafu ya kondoo vimesagwa na oats na vitunguu, mtu anayekula utumbo nyumbani asianze kujifanya. Anayetaka halali asiile hovyo, aulize, au achukue ile ya mboga ambayo kusema kweli inashangaza kwa utamu. Upande wa chuo kikuu na msikiti kuna vyakula vya Kihindi na Kipakistani vya bei ya wanafunzi. Chipsi na samaki hapa hawawekei siki kama Waingereza, muuzaji atakuuliza chumvi na sosi, sema ndio, ni sosi ya kahawia nyepesi yenye uchachu.

Noti zao ni paundi ile ile lakini zimechapwa na benki tatu za Uskoti, kila moja na picha zake. Thamani ni sawa kabisa na za Uingereza. Shida inakuja ukirudi nazo, bureau za huku nyumbani zinaweza kukugomea.

Hatua ya 9: Siku ya kuondoka

Zile noti za Uskoti zimalize au zibadilishe benki upate za Bank of England kabla hujaenda eapoti, usingoje kaunta za kule. Kama ndege ni ya alfajiri angalia ratiba ya basi na tramu usiku wa jana yake, kuna saa tramu hazitembei na basi la eapoti ndo linabaki. Mzigo ukiwa mzito subiri tramu kituo cha Princes Street, maana ukijitia kuvuka kwenda Waverley utajikuta umeshuka bonde halafu unalipanda tena na sanduku.